Chuo cha Kahawa na Haki ya Kukusanyika, 1965–1997

Utangulizi

Kila inapoandikwa historia ya migomo ya wanafunzi katika Kenya, jina linalotangulia ni la Chuo Kikuu cha Nairobi. Jambo hilo lina sababu zake. Chuo cha Nairobi ndicho kikongwe, nacho kimejengwa katikati ya mji mkuu, hata mwanafunzi akitoka langoni huchukua dakika chache tu kufika mbele ya ofisi za serikali. Chuo cha Kahawa, ambacho sasa huitwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, kiko yapata kilomita 20 kutoka mjini, kando ya barabara iendayo Thika. Kwa sababu hiyo mambo yaliyotokea huko yamezoea kutajwa kwa maneno machache, kana kwamba ni mwangwi tu wa mambo ya Nairobi.

Makala haya yanakusudia kukirudishia chuo hicho mahali pake katika historia hiyo. Yanadai mambo matatu. La kwanza, katika mwaka 1982, mwaka uliokuwa mgumu kuliko yote, pigo lililowashukia wasomi liliangukia Kahawa kwa uzito usiolingana na udogo wa chuo chenyewe. La pili, chanzo cha ugomvi baina ya wanafunzi na serikali kilikuwa swali la kisheria lililorithiwa kutoka kwa wakoloni: je, kukusanyika ni haki ya raia, au ni ruhusa itolewayo na mtawala? La tatu, ambalo linawahusu hasa wanafunzi wa lugha, Kiswahili kilitumiwa na pande zote mbili za ugomvi huo, na katika kuyachunguza maneno yenyewe hupatikana ushahidi ambao hati za mahakama peke yake haziutoi.

Kambi iliyogeuzwa chuo

Jina la Kahawa limetokana na mashamba ya mibuni yaliyoenea katika nchi ya Ruiru na Thika wakati wa walowezi. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni jeshi la Waingereza lilikuwa na kambi mahali hapo, iliyoitwa Templer kwa jina la jenerali wao. Mwaka 1965 kambi hiyo ilikabidhiwa serikali ya Kenya huru, nayo ikaigeuza kuwa chuo na kukiita Chuo cha Kenyatta. Mabweni ya askari yakawa mabweni ya walimu watarajiwa. Mwaka 1970 chuo kilifanywa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1972 kikapokea wanafunzi wake 200 wa kwanza wa shahada ya ualimu. Mwaka 1978 kitivo kizima cha elimu kilihamishwa kutoka Nairobi kuja Kahawa. Mwaka 1985 chuo kikapewa hadhi kamili ya chuo kikuu.

Uhamisho huo wa mwaka 1978 una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Tangu hapo Kahawa ndiko walikotayarishwa wengi wa walimu wa shule za sekondari wa nchi nzima. Mwalimu wa sekondari katika Kenya ya wakati ule hakuwa mtu mdogo. Ndiye aliyewasomea wazee barua, ndiye aliyeandika kumbukumbu za mikutano ya harambee, na mara nyingi ndiye aliyegombea ubunge. Wazo lililopata mizizi katika chumba cha mihadhara cha Kahawa liliweza kufika Taita, Busia na Lamu kwa muda wa miaka michache. Serikali ililijua jambo hilo vizuri, na kwa hiyo haikuweza kulitazama tawi hili la shambani kama mahali pasipo na athari.

Ng'ambo ya barabara kuu, upande wa Ruiru, ndiko kilikokua kitongoji cha Kahawa Wendani. Neno wendani ni la Kikikuyu, na maana yake ni kupendana. Kitongoji na chuo vilikua kwa kutegemeana. Mwaka 1990, kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4 lilipoingia vyuoni pamoja na masalio ya mfumo wa zamani, mabweni hayakutosha tena, na vyumba vya kupanga vikawa bidhaa yenye soko. Muuza mboga, fundi cherehani, mwenye kibanda cha chai na mwenye nyumba wote waliishi kwa fedha za wanafunzi. Kwa hiyo kila chuo kilipofungwa kwa amri, adhabu haikuishia kwa wanafunzi. Ilivuka barabara ikaingia katika nyumba za watu ambao hawakupata hata mara moja kuulizwa maoni yao juu ya ugomvi uliokuwa ukiendelea.

Ruhusa na haki

Ili kuuelewa ugomvi wenyewe, ni lazima kuzitazama sheria. Serikali ya Kenya huru ilirithi kutoka kwa serikali ya kikoloni sheria ya utulivu wa umma, ambayo ilimtaka mtu yeyote anayetaka kuitisha mkutano wa hadhara aombe leseni kwa mkuu wa wilaya. Ilirithi pia vifungu vya uchochezi katika kanuni ya adhabu, ambavyo vilimwezesha hakimu kumfunga mtu kwa maneno au kwa karatasi aliyokutwa nayo. Juu ya hizo palikuwa na sheria ya kulinda usalama wa umma, ambayo baada ya marekebisho ya mwaka 1966 ilirudisha uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Sheria hizi zilikuwa zimetumiwa au kufanana na zile zilizotumiwa dhidi ya wapigania uhuru wenyewe, na miongoni mwa mawaziri waliozitetea bungeni walikuwamo watu waliopata kufungwa kwazo.

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Sheria ya leseni iliifuata hekima hiyo kwa upande wa mtawala: ukizitenga kinga, moto hauwaki. Mwanafunzi mmoja aliyenung'unika chumbani mwake hakuvunja sheria. Wanafunzi mia waliosimama pamoja uwanjani wakasema neno lile lile, bila karatasi ya mkuu wa wilaya, walikuwa wahalifu.

Mfano wa kwanza ulitokea Nairobi mnamo Januari 1969. Oginga Odinga, aliyekuwa kiongozi wa chama cha upinzani cha KPU, alizuiwa kuwahutubia wanafunzi. Wanafunzi waligoma, na chuo kikafungwa. Katika Machi 1975 kuuawa kwa mbunge J. M. Kariuki kuliwatoa wanafunzi barabarani, na tangu hapo tarehe 2 Machi ikawa siku ya kumkumbuka kila mwaka, na kila mwaka ikawa pia siku ya kukutana na askari. Mwaka 1979 wanafunzi waliandamana kupinga uamuzi wa KANU wa kuwazuia Odinga na wenzake wa iliyokuwa KPU wasigombee uchaguzi. Jumuiya ya wanafunzi wa Nairobi, NUSO, ilipigwa marufuku na baadhi ya viongozi wake wakafukuzwa masomoni. Mwaka uliofuata, chama cha wafanyakazi wa chuo kikuu, ambacho wahadhiri walikuwa wanachama wake, kilipigwa marufuku nacho. Hivyo kufikia mwaka 1980 si mwanafunzi wala mwalimu wake aliyekuwa na chombo halali cha kusemea.

Haifai kudhani kwamba tatizo hili lilikuwa la Kenya peke yake. Tanzania, iliyofuata siasa tofauti kabisa, iliwafukuza wanafunzi zaidi ya 300 mnamo Oktoba 1966 baada ya maandamano yao ya kupinga masharti ya huduma ya kujenga taifa. Mwaka 1971 mwenyekiti wa wanafunzi wa Dar es Salaam, Symonds Akivaga, ambaye alikuwa Mkenya, alifukuzwa chuoni baada ya kuuandikia uongozi barua ya wazi, na askari ndio waliomwondoa. Ujamaa na ubepari viliachana katika mambo mengi, lakini katika jambo la mwanafunzi aliyesimama kusema bila kuitwa, vilikaribiana sana.

Mwaka 1982

Katika Juni 1982 bunge liliongeza katika katiba kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Katika majuma yale yale wahadhiri walianza kukamatwa. Kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi walichukuliwa Willy Mutunga, mwalimu wa sheria, na Mukaru Ng'ang'a. Kutoka Kahawa walichukuliwa Al-Amin Mazrui, mhadhiri wa lugha. Edward Oyugi, mwanasaikolojia wa elimu. Na Kamoji Wachiira, mhadhiri wa jiografia. Wote hao waliwekwa kizuizini bila kesi. Mwingine wa Kahawa, mwanahistoria Maina wa Kinyatti, alishtakiwa kwa kuwa na maandishi ya uchochezi, akahukumiwa kifungo cha miaka 6 katika Oktoba 1982, na hakutoka hadi Oktoba 1988. Kati ya sita waliotajwa hapa, wanne walifundisha katika kambi ile ya zamani.

Kwa nini Kahawa? Jibu moja limekwisha kudokezwa: hapo ndipo walipofundishwa walimu wa nchi. Jibu la pili limo katika kazi za watu hao. Maina wa Kinyatti alikuwa amezikusanya nyimbo za wapiganaji wa Mau Mau na kuzitoa katika kitabu mwaka 1980, wakati ambapo habari za Mau Mau zilitakiwa zitajwe kwa upole au zisitajwe kabisa. Al-Amin Mazrui alikuwa ametoa tamthilia ya Kilio cha Haki mwaka 1981, ambayo mhusika wake mkuu ni mwanamke, Lanina, kiongozi wa wafanyakazi katika shamba la mlowezi. Mtu aliyeisoma tamthilia hiyo akiwa Kahawa, huku amezungukwa na mashamba ya mibuni ya Ruiru, hakuhitaji kuelezwa kwamba habari ya shamba na kibarua haikwisha siku bendera ya Mwingereza iliposhushwa.

Mnamo tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali. Jaribio lilishindwa siku ile ile. Baadhi ya wanafunzi walikuwa wametoka kulishangilia, na kwa hilo vyuo vyote viwili vilifungwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikaa zaidi ya mwaka mmoja milango yake ikiwa imefungwa. Wanafunzi wengi walitiwa ndani. Wengi wao waliachiliwa mapema mwaka 1983, lakini Titus Adungosi, mwenyekiti wa kwanza wa jumuiya mpya ya SONU, alihukumiwa miaka 10 kwa uchochezi. Alifia gerezani mwaka 1988.

Kufungwa kwa chuo kulikuwa adhabu ya namna yake. Haikuhitaji shahidi wala hakimu, na ilimpata aliyeandamana pamoja na aliyekuwa maktabani. Mwanafunzi alipewa saa chache za kufungasha, akarudi kijijini, na huko akatakiwa kuripoti kwa chifu mara kwa mara, kama mfungwa aliyeachiliwa kwa masharti. Kabla ya kurudishwa alitia sahihi hati ya kuahidi tabia njema. Kuanzia mwaka 1984 palizidishwa sharti jingine: kila aliyechaguliwa kuingia chuo kikuu alipitia kwanza mafunzo katika kambi ya vijana wa huduma ya taifa huko Gilgil. Kwa wale wa Kahawa, hiyo ilikuwa safari kutoka kambi moja hadi nyingine.

Maneno ya pande mbili

Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike bungeni. Mwaka 1985, pamoja na mfumo wa 8-4-4, kikawa somo la lazima lenye mtihani, na Kahawa ikawa kiwanda kikuu cha kutoa walimu wake. Lugha ikapanda hadhi, na ikapanda ikiwa mikononi mwa watu waliogombana.

Serikali ya Rais Moi ilitawala kwa maneno ya Kiswahili yaliyokuwa mepesi kukumbuka: Nyayo, na pamoja nayo amani, upendo na umoja. Maneno haya yaliandikwa ukutani, yakaimbwa shuleni, yakasemwa kila mwisho wa hotuba. Upande wa pili nao ulichagua lugha ile ile. Gazeti la siri lililosambazwa mwaka 1982 liliitwa Pambana. Chama cha siri kilichosakwa tangu mwaka 1986 kiliitwa Mwakenya, yaani Muungano wa Wazalendo wa Kukomboa Kenya. Chaguo hilo halikuwa la bahati. Kiingereza kilikuwa lugha ya mihadhara na ya hukumu, nacho hakikufika kibandani Wendani wala kwenye kibarua cha Ruiru. Lugha ya mama, kwa thamani yake yote, ilikuwa rahisi kwa serikali kuibandika jina la ukabila. Kiswahili kilimnyima mtawala silaha hiyo.

Tazama pia majina yaliyopewa tendo moja. Wanafunzi walipokataa kuingia darasani waliita mgomo. Walipotembea barabarani waliita maandamano. Katika matangazo ya serikali mambo hayo mawili yaliitwa fujo, na aliyeyaongoza aliitwa mchochezi. Neno maandamano linabeba wazo la watu kufuatana kwa mpango, mmoja nyuma ya mwenzake. Neno fujo linauondoa mpango huo, na likishaondolewa, dai lililobebwa na waandamanaji huondoka nalo. Mtu hajibu hoja za fujo. Huita askari wa kuizima. Kwa njia hii jina lenyewe lilifanya nusu ya kazi ya rungu.

Hata hivyo ukweli lazima usemwe kwa ukamilifu wake. Ziko siku ambazo neno fujo lilistahili. Magari yalipigwa mawe katika barabara ya Thika, na abiria waliokuwa katika matatu hawakuwa mawaziri. Vibanda viliporwa na watu waliojifunika kwa jina la wanafunzi, na mara nyingine na wanafunzi wenyewe. Mama aliyepoteza mtaji wake wa siku moja hakuona tofauti ya maana baina ya jiwe la mwanafunzi na gesi ya askari. Kila tukio la namna hiyo liliipa serikali ushahidi iliouhitaji, na liliupunguza urafiki wa kitongoji ambao ungeweza kuwa ngao ya chuo.

Fasihi nayo iliacha kumbukumbu yake. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa tangu mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi cha Kenya: Twendapi?, alizitoa tungo zake za gerezani mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa tuzo ya fasihi iliyoitwa kwa jina la Rais Kenyatta, ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Al-Amin Mazrui naye alitunga mashairi kizuizini, na Chembe cha Moyo kikatoka mwaka 1988. Hivyo mkondo mmoja wa ushairi wa Kiswahili wa Kenya umetoka moja kwa moja katika sheria zilizoelezwa hapo juu.

Kutoka 1985 hadi 1997

Kupewa hadhi ya chuo kikuu hakukuibadili hali hiyo. Rais wa nchi aliendelea kuwa Chansela wa kila chuo kikuu cha umma, na wakuu wa vyuo walipata vyeo vyao kwake. Huko Nairobi, tarehe 10 Februari 1985, askari waliwavamia wanafunzi waliokusanyika kwa maombi uwanjani. Mwandawiro Mghanga, kiongozi wao, alifungwa kwa kosa la mkutano usio halali. Katika Novemba 1987 SONU ilipigwa marufuku, na mwenyekiti wake Robert Wafula Buke akafungwa miaka 5.

Katika miaka ya tisini madai yalibadilika sura. Mwaka 1991, kwa mashauri ya wakopeshaji wa kigeni, wanafunzi walianza kulipa sehemu ya karo na kununua chakula chao wenyewe. Migomo iliyofuata ilitokana na njaa na ada kuliko majina ya wanasiasa. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba mwaka huo huo, lakini sheria ya leseni ya mikutano ilibaki. Wahadhiri waliogoma kuanzia mwaka 1993 wakitaka chama chao cha UASU kiandikishwe walinyimwa, na chama hicho hakikupata cheti hadi mwaka 2003.

Desemba 1996 ndio mwezi mchungu zaidi kwa Kahawa. Polisi waliwaua wanafunzi watatu katika siku chache: wawili wa Egerton huko Njoro, na mmoja wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Miezi miwili baadaye, Februari 1997, Solomon Muruli, kiongozi wa wanafunzi wa Nairobi aliyekuwa amelalamika kwamba alitekwa na kuteswa, alikufa kwa moto chumbani mwake. Mwishoni mwa mwaka huo, kabla ya uchaguzi, bunge lilivifuta vifungu vya uchochezi, likauondoa uwezo wa kumzuia mtu bila mashtaka, na badala ya leseni likaweka taarifa: anayetaka kuandamana huwaarifu polisi siku tatu kabla, naye haombi.

Hitimisho

Tofauti baina ya kuomba na kuarifu ndiyo iliyogombaniwa kwa miaka 30. Katiba ya mwaka 2010 iliikamilisha katika ibara ya 37, inayompa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha, na katika ibara ya 33, inayoutaja uhuru wa kitaaluma kwa jina lake. Lakini sheria iliyoandikwa si sheria iliyozoeleka. Mwaka 2016 sheria ya vyuo vikuu ilibadilishwa ili viongozi wa wanafunzi wachaguliwe kupitia wajumbe wachache, na katika Juni 2024 vijana waliopinga mswada wa fedha walikutana na risasi mbele ya bunge, na usiku ule ule huko Githurai, kituo kimoja tu kabla ya Kahawa.

Chuo cha Kahawa kilijengwa juu ya kambi, na kwa muda mrefu kilitawaliwa kana kwamba bado ni kambi, ambapo kukusanyika hungoja amri. Waliolikataa wazo hilo, kwanza wahadhiri wanne na baada yao wanafunzi wengi wasioandikwa majina, hawakudai jambo geni. Walidai kwamba mwalimu atakayewafundisha watoto wa nchi maana ya neno haki apate kwanza kulitumia yeye mwenyewe, hadharani, bila kibali. Uzito wa dai hilo wanaujua pia wakazi wa Wendani, ambao kwa miaka yote hiyo walilipa sehemu ya gharama yake.